Jicho la Tanuri la Kibondo

Asubuhi Kasulu ina baridi. Ukungu hulala bondeni mpaka jua lipate nguvu. Saa hizo Hilali hufungua duka lake karibu na soko, na mkewe Mwamvua hukoka moto wa chai. Mwaka ule wa 1976 nyumba yao ilikuwa na mtu mmoja zaidi. Jina lake Leonidasi.

Leonidasi alitoka Burundi. Alivuka mpaka pale Manyovu kwa njia halali, ana pasi yake ya kusafiria, na kibali cha kusoma. Alisomea uashi katika chuo cha misheni nje ya mji. Mabweni yalikuwa yamejaa, basi Bruda Venanti, mkuu wa chuo, akamwombea mahali pa kulala kwa Hilali. Kijana alikuwa mpole. Kila asubuhi alimwamkia Mwamvua kwa Kirundi, Mwamvua akamwitikia kwa Kiha, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kwao watu huishi juu ya vilima, kila ukoo na kilima chake. Kilima chao hakikuwa na fundi hata mmoja. "Wamenituma wote," alimwambia Mwamvua. "Wanataka nirudi na cheti, niwajengee zahanati ya matofali."

Siku zile mkate uliletwa Kasulu kwa lori kutoka Kigoma. Ulifika umekauka.

"Mama," Leonidasi akasema akiwa ameushika, "mkate huu unafaa kupigia msumari."

Mwamvua akacheka. "Kama unaujua mzuri, basi utuokee."

Kesho yake kijana alikwenda kuchimba udongo wa kichuguu. Akaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali. Akachora duara uani, akaanza kupanga matofali, akiacha mlango mdogo wa kutilia mikate. Mstari wa pili ukaingia ndani kidogo kuliko wa kwanza. Wa tatu ukaingia zaidi. Majirani wakaja kutazama.

"Litaanguka hilo," alisema mmoja. "Hakuna mti chini yake!"

"Kinachoshikilia ni nini?" aliuliza Hilali.

"Yanashikana yenyewe, baba," alisema Leonidasi. "Kila tofali linataka kuanguka, na jirani yake analizuia."

Tanuri likapanda likijikunja kama mgongo wa kobe. Juu kabisa likabaki tundu moja. Mafundi huliita jicho. Leonidasi akachonga tofali la mwisho, akalitia pale, akaligonga taratibu kwa mpini wa mwiko wake wa uashi. Jicho likafumba.

"Sasa baba, panda ukae juu yake."

Hilali alikuwa mtu mnene. Watu wote wakarudi nyuma. Hilali akapanda, akakaa, akafumba macho akingoja kuvunjika mguu. Tanuri halikutikisika.

"Subhanallah," alisema Mwamvua, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alikwenda akaweka kiganja juu ya matofali yale, akakiacha hapo muda mrefu. Mungu humpa mtu mikono miwili tu, na tazama anachoweza kufanya nayo.

Tangu hapo Hilali akawa anauza mikate ya moto kila unga wa ngano ulipopatikana. Harufu yake ilifika sokoni. Ikamfikia pia Khatibu, mfanyabiashara wa Kibondo, aliyekuja Kasulu kununua bidhaa. Akaona tanuri, akalizunguka, akaingiza kichwa ndani.

"Kijana, likizo ikifika njoo Kibondo unijengee kama hili. Nitakupa baiskeli."

Leonidasi alifurahi. Chuo kilikuwa mbali, naye alikwenda kwa miguu kila siku. Lakini akasita. "Kibali changu kinasema kusoma tu. Hakisemi kufanya kazi."

Hilali akacheka. "Kibali ni mambo ya wageni! Wewe mgeni wa nani? Mgeni ni Mzungu. Wewe na mke wangu mnaongea, mimi ndiye nabaki nje. Tena baiskeli si mshahara. Hapa kwetu mtu akikusaidia, humwachi aondoke mikono mitupu. Ni asante tu hiyo. Nenda, mwanangu."

Mwamvua hakucheka.

Likizo ikafika. Leonidasi akapanda basi kwenda Kibondo. Akafanya kazi peke yake nyuma ya duka la Khatibu. Akachimba, akakanyaga, akapanga. Tanuri likapanda vizuri kuliko la Kasulu. Likabaki jicho tu. Ndipo akamwuliza Khatibu kwa adabu kuhusu baiskeli.

"Baiskeli gani?" alisema Khatibu. "Umekula kwangu, umelala kwangu. Hukushiba?"

"Mzee, tuliahidiana."

"Basi nenda polisi ukanishtaki. Wakikuuliza kibali cha kazi, wape. Unacho?"

Leonidasi akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye kitambaa, akaondoka. Jicho akaliacha wazi.

Alipofika Kasulu hakula. Mwamvua alimbembeleza mpaka akasimulia yote. Hilali akaruka juu.

"Twende polisi sasa hivi! Khatibu ataniona leo!"

"Polisi mtakwenda kushtaki nini?"

Aliyeuliza alikuwa mlangoni. Ni Mzee Isihaka, jirani yao, aliyekuja kununua mkate akayasikia yote. Alifanya kazi ya uhamiaji mpakani Manyovu miaka mingi, sasa amestaafu na anafuga nyuki.

"Shikamoo mzee," alisema Leonidasi.

"Marahaba. Kaa chini, mwanangu. Hilali, na wewe kaa. Huyu kijana ana kibali cha nini?"

"Cha kusoma," alisema Hilali.

"Na kule Kibondo alikuwa anasoma?"

"Alikuwa anasaidia tu! Hakuna mshahara pale."

"Aliahidiwa baiskeli kwa kazi. Hayo ni malipo. Angeahidiwa mbuzi, ni malipo. Kitenge, ni malipo. Sheria haiangalii kama umepewa noti au kuku. Inauliza, je, mgeni huyu aliruhusiwa kufanya kazi?"

"Lakini si mgeni, mzee! Lugha moja..."

"Hilali, pale mpakani kuna kijito. Unakivuka bila kulowa magoti. Ng'ombe wanakunywa upande huu na upande ule. Nilisimama pale ujana wangu wote, na hata mimi nilikuwa nashangaa. Maji ni hayo hayo, maneno ni hayo hayo, majina ni hayo hayo. Lakini ukishavuka, uko chini ya sheria nyingine. Sheria haitazami lugha yake. Inatazama kibali chake."

Kwa mara ya kwanza Mwamvua alikiona kijito kile akilini mwake kama kitu kikubwa sana.

"Sasa sikilizeni hatari yake," aliendelea Isihaka. "Akikamatwa, kibali cha kusoma kinaweza kufutwa. Atarudishwa kwao kabla ya mtihani, na cheti asikipate. Ya pili mmeshaiona wenyewe. Anayefanya kazi kwa kujificha, akidhulumiwa hana pa kulilia. Khatibu alijua. Na tanuri lingemwangukia, nani angesema alikuwa pale? Ya tatu, anayemwajiri naye ana kosa."

"Khatibu huyo," alisema Hilali.

"Na tanuri la uani kwako?"

"Lile alinijengea kwa mapenzi!"

"Na mikate unaiuza kwa mapenzi?"

Hilali akatazama miguu yake.

"Tufanye nini, mzee?" aliuliza Mwamvua. "Tunyamaze ipite?"

"Mkinyamaza, siku yoyote mtu atakayetaka kumtisha atamtisha. Nendeni kwa Bruda mkamweleze. Kisha nendeni uhamiaji Kigoma, kabla hawajaja wao. Siwaahidi kwamba watasamehe. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe hatazamwi kama aliyevutwa shati."

Leonidasi aliinama. "Wakinirudisha, nitasema nini kule kilimani?"

"Utasema kweli," alijibu Mwamvua. "Twende, mwanangu. Mungu yupo na huko ofisini."

Walikwenda wanne: Leonidasi, Bruda Venanti, Hilali na Mwamvua. Ofisini Leonidasi aliweka pasi na kibali mezani, akasimulia kila kitu. Hakumficha Hilali, wala hakujificha mwenyewe. Afisa alimsikiliza bila kuandika.

"Nani amekukamata?" aliuliza afisa.

"Hakuna, ndugu afisa."

"Kwa hiyo umekuja mwenyewe kujishtaki?"

"Ego... ndiyo, ndugu." Kirundi kilimtoka kwanza.

Afisa aliegemea kiti. Alimtazama kijana, akamtazama Hilali anayetoka jasho, akamtazama Mwamvua ambaye midomo yake ilikuwa ikiomba dua. Hata aliyekuwa akipiga mashine ya taipu aliacha.

"Nina miaka mingi katika kazi hii," alisema mwishowe. "Watu hunikimbia."

Akatoa onyo, akaliandika. Kijana akirudia, atarudishwa kwao. Hilali naye akaonywa vikali. Khatibu angeitwa peke yake. Kisha Bruda akauliza, "Je, mwanafunzi akijifunza kwa vitendo?"

"Hilo lina njia yake," alisema afisa. "Chuo kiombe kwa maandishi. Mseme ni mahali gani, muda gani, na mwalimu gani atamsimamia. Iwe sehemu ya masomo. Mwenye jengo atoe anachotoa kwa chuo, siyo kwa mwanafunzi. Na msianze mpaka mjibiwe. Akimaliza chuo akataka kazi hapa, mwajiri aombe kibali cha kazi kwanza."

Nje ya ofisi Mwamvua alisimama ghafla. "Yaani njia ilikuwepo muda wote?"

"Ilikuwepo," alisema Bruda. "Hatukuuliza."

Kule Kibondo, Khatibu alikuwa taabani. Tanuri lake lilikuwa zuri, lakini jicho lilikuwa wazi. Kila fundi aliyeitwa alilitazama, akatikisa kichwa. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mvua zikaja, mkewe akalifunika kwa majani ya migomba. Kuku akaona pakavu, akaatamia mayai ndani. Watu wakamtania, "Khatibu, mikate yako imetotoa?"

Aliporudi kutoka kuitwa Kigoma, Khatibu mwenyewe aliandika kwenda chuoni kuomba tanuri lake limaliziwe kama sehemu ya masomo. Chuo kikaomba uhamiaji. Jibu likaja, limeruhusu.

Leonidasi alirudi Kibondo mchana kweupe, akiwa na mwalimu na wanafunzi wenzake. Mwalimu alikagua kila mstari. Mvua zote zile, na hakuna tofali lililosogea. Wakamhamisha kuku na vifaranga vyake.

Khatibu akaja akisukuma baiskeli. Hakumtazama kijana usoni. "Chukua. Ni yako. Nilikukosea."

Leonidasi aliitazama baiskeli ile. Aliitamani. "Mpe mwalimu, mzee. Ni ya chuo."

Kisha akachonga tofali la mwisho. Watu walikuwa wamejaa uani, na wengine wamepanda ukutani. Akalitia juu, akaligonga mara chache kwa mpini wa mwiko. Mwanga uliokuwa ukiingia ndani ya tanuri ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Jicho likafumba. Khatibu alivua kofia yake bila kujua kwamba ameivua.

Leonidasi alifanya mtihani na kupata cheti. Chuo kikataka abaki awafundishe wengine kwa muda, kabla hajarudi kujenga zahanati ya kilimani kwao. Siku ya kwanza mwalimu alimkuta amekaa kwenye ngazi, mwiko umefungwa kwenye kitambaa.

"Mbona huanzi?" aliuliza mwalimu.

"Kibali cha kazi hakijafika."

Kikafika. Alikisoma chote, kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti. Ndipo akaufungua mwiko.