Wimbo wa Kupura Maharage

Kila jioni, Esteri akitoka shuleni Titye, aliweka madaftari ndani, akachukua ndoo kwenda kisimani. Akirudi alichambua maharage kwenye ungo huku akimsikiliza bibi yake, Maximilla, akiimba jikoni. Wimbo alioupenda zaidi ni ule wa kupura maharage. Zamani akina mama waliuimba wakipokezana fimbo na sauti. Sasa wenzake Bibi wote walikuwa wamefariki, na aliyeujua mpaka mwisho ni yeye peke yake.

Mwalimu Venanti, mwalimu wa kwaya, aliposikia habari hizo alifurahi sana. Siku ya Saba Saba kwaya yao ingeimba Kibondo pamoja na wanafunzi wa huko. Alitaka amrekodi Bibi, ausikilize wimbo polepole na kuuandika kwa nota za do-re-mi kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Karatasi zingedurufiwa Kasulu, nyingine zipelekwe Kibondo.

"Watoto wa kule watauimba wimbo wa bibi yako bila hata kumwona," alimwambia Esteri. Ijumaa akampa tepu yake ya kurekodia ailaze kwao, kwani kesho yake angekuja kumrekodi Bibi. "Ila usiiwashe, mama. Betri ni hizo hizo."

Jioni hiyo akaja rafiki yake Mwajabu, binti wa Mzee Omary mwenye duka.

"Tuisikie kidogo tu. Kwani itapungua?"

Ndani mlikuwa na kaseti ya dansi. Wakacheza, wakacheza, mpaka sauti ikaanza kuvutika kama ya mtu mwenye usingizi. Esteri akaizima haraka. Asubuhi alizitoa betri akazianika juani, kama mama yake alivyozoea kufanya na betri za tochi. Zikapata nguvu kidogo. Akazirudisha, akanyamaza.

Mwalimu alipofika alimkuta Bibi amevaa kitenge chake kipya, kana kwamba anakwenda harusini. Aliimba kwa moyo wote, mpaka jasho likamtoka.

Jumatatu darasani, Mwalimu alitia betri mpya kwenye tepu, akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, yenye haraka, na kila ubeti ilizidi kupanda.

"Huyo ni bibi au kifaranga?" Nestori aliuliza. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu aliusikiliza tena, kalamu mkononi, kisha akatikisa kichwa. "Hauandikiki huu. Do ya mwanzo siyo do ya mwisho, imehama. Bibi ni mzee, tusimlaumu. Stensili inatakiwa Kasulu wiki hii, basi tutatafuta wimbo mwingine."

Esteri alikiona kile kitenge kipya mbele ya macho yake. Mwajabu alimfinya chini ya dawati: nyamaza. Lakini Esteri akasimama.

"Mwalimu, Bibi hajakosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaeleza yote, ya dansi na ya betri juani. Mwajabu naye akainuka polepole. "Hata mimi nilikuwepo, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemshawishi."

"Kumbe!" Mwalimu alisema. "Betri zilikuwa zinakufa huku Bibi akiimba. Mkanda ulikwenda taratibu, ukazidi kwenda taratibu. Leo betri mpya zinaukimbiza." Akamtazama Esteri. "Ungeniambia pale pale, ningetuma mtu dukani. Jioni mtakwenda wenyewe kumwomba Bibi radhi, na kumwomba aimbe tena."

Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. "Kifaranga?" akauliza. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mwiteni mwalimu wenu. Leo atamsikia kuku mwenyewe!"

Akaimba tena. Kesho yake Esteri na Mwajabu walibaki shuleni na Mwalimu, wakiurudisha mkanda nyuma na mbele, mstari kwa mstari. Mahali fulani Mwalimu aliandika alama ya kimya.

"Hapo hapana kimya, Mwalimu," Esteri alisema. "Hapo Bibi alikuwa anafukuza kuku kwenye maharage."

Mwalimu akaifuta huku akicheka. Jioni ile stensili ilikuwa tayari.

Saba Saba ilipofika, miguu ya Bibi haikumruhusu kwenda Kibondo. Mwalimu akachukua tepu, akawarekodi watoto wa kule wakiimba karatasi mkononi. Aliporudi aliiweka juu ya kigoda uani kwa Bibi.

Sauti zikatoka, nyingi na changa. Bibi alitega sikio. Kisha akakunja viganja, akavipiga taratibu kuielekea tepu, kama afanyavyo akiwaamkia wageni.

"Hawa ni watoto wa nani?"

"Wa Kibondo, Bibi. Hawakujui."

"Sasa wananijua," Bibi alisema, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Asante, Mwalimu. Na wewe mjukuu wangu, asante. Mashine hurudisha kile ilichopewa. Kosa ni la nani, haisemi. Hilo husema mtu. Ungenyamaza, watu wangeamini Maximilla hajui kuimba, na wimbo wa mama yangu ungeishia hapa jikoni. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla kosa lako halijabebwa na mwingine."

"Asante kwa kunisamehe, Bibi."

"Haya, iwashe tena."

Esteri alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, akamtazama kwanza Mwalimu.

"Washa," Mwalimu alisema akitabasamu. "Betri ni mpya."