Chetezo Kilichozimika

Nyumba ya Pazi pale Dunda ilikuwa na kisima uani. Hata hivyo, mkewe Ashatu alichota maji mbali. Kisima kilifunikwa mbao mwaka mzima, tangu Mrisho, mdogo wake Pazi, aliposhuka kuzoa tope. Walimtoa amekufa, mwili hauna hata mkwaruzo. Watu wakasema jini wa kisima kamchukua. Jumbe akapiga mbiu: "Mtu asishuke kisima cha Pazi!" Basi. Sababu hakuitaja.

Kiangazi kikawa kikali. Visima vya jirani vikaingia chumvi.

"Mbiu ya kulima muhogo nimetii," alisema Pazi. "Mbiu ya kufyeka majani nimetii. Na kisima changu mwenyewe nisikiguse? Aa! Rajabu atashuka leo."

Rajabu, mwanawe, aliogopa. Lakini nani ambishie babake?

Ilikuwa jua la utosi, mtaa kimya, hata kunguru hawalii. Pazi akaondoa mbao. Ndani giza tupu. Hakikutoa harufu yoyote. Akateremsha chetezo chenye makaa na ubani, kumwomba radhi mwenye kisima. Wekundu wa makaa ukashuka, ukashuka. Ghafla ukatoweka, kama jicho lililofumbwa.

"Kapokea," Pazi alinong'ona. "Haya mwanangu, shuka."

Ashatu akakumbuka. Hata siku ile ya Mrisho makaa yalizimika hivi hivi! Akaidaka kamba ya kushukia, akaikalia.

"Hashuki!"

"Mama Rajabu! Unanivunjia amri mbele ya mtoto?"

"Leo naivunja. Nipe talaka yangu ukitaka, lakini mwanangu hashuki!"

Kelele zikamleta jirani yao Mwishehe, mfanyakazi wa afya.

"Hodi! Shikamoo kaka Pazi. Kuna nini?"

Alipoelezwa, hakucheka. Aliwasha kandili, akaiteremsha. Ikazimika. Akaiwasha tena. Ikazimika palepale.

"Kaka, hewa ya humo ni mbaya. Haionekani, hainuki. Moto ukikosa pumzi, na mtu ataikosa. Na makaa yako yanazidi kuiharibu."

Pazi akajishika kichwa. "Yarabi! Mrisho nilimtangulizia chetezo kwa mkono wangu. Mbona mbiu haikusema hayo?"

"Hilo kosa letu sisi wa afya," alisema Mwishehe. "Tulimwambia jumbe aamuru, hatukueleza."

Kisima kikaachwa wazi siku tatu. Wakafunga matawi kwenye kamba, wakayapandisha na kuyashusha ili hewa ibadilike. Siku ya nne kandili ilifika chini ikaendelea kuwaka. Ndipo Rajabu akashuka, kamba kiunoni, wanaume wawili wakimshikilia juu. Tope likatoka. Jioni Ashatu alipikia maji ya uani kwake.

Pazi akamwomba jumbe ruhusa ya kupiga mbiu yeye mwenyewe. Akazunguka Dunda nzima.

"Taa ikizimika kisimani, usishuke! Hakuna jini aliyepokea ubani, ni hewa mbaya! Mdogo wangu Mrisho alikufa hivyo, na mimi ndiye niliyemwambia ashuke!"