Sweta ya Njano

Kila asubuhi Edina alifagia uwanja, akawasha moto, ndipo akavaa sweta yake ya njano yenye kofia. Mwezi wa saba huko Mbinga mtu hatoki nje bila sweta. Lakini Jumamosi ile alipokwenda kuichukua msumarini hakuikuta. Ilikuwa mwilini mwa Violet.

Violet alikuwa binti wa shangazi yake wa Liuli, kule ziwani kwenye joto. Alikuja likizo na magauni mepesi, akawa anatetemeka kutwa. "Mwachie mwenzio, wewe vaa koti la shule," Mama alisema. Hakuomba, alisema tu.

Siku hiyo Baba alikuwa anatimiza ahadi. Watoto walikuwa wamemaliza kuchuma kahawa, naye akaazima gari awapeleke pamoja na Mama kwenye bustani ya wanyama, nje kidogo ya Songea. Edina ndiye aliyechuma kuliko wote. Halafu nani akakalishwa kiti cha mbele? Violet, kwa sababu hutapika garini.

"Kumbe ukitaka kupendwa nyumba hii, utapike," Edina alinong'ona, na moyo ukamfukuta njia nzima.

Getini walimwamkia mhifadhi. "Marahaba wanangu," akajibu. "Chakula kibaki garini. Ngedere wa hapa wana pua kali. Nitakayemwona na chakula ndani, namrudisha getini."

Edina alikuwa na ndizi mbili za kisukari mfukoni. Akazisukuma ndani zaidi.

Waliwaona pundamilia karibu kabisa na njia. Joakim, mdogo wake Edina mwenye miaka minne, akachoka, akakaa juu ya jiwe. Jiwe likaanza kutembea! Kumbe lilikuwa kobe. Wote wakaangua kicheko, naye Joakim akakimbia kwa woga na kujificha kwa Violet. Hakumkimbilia dada yake.

Hapo Edina akashindwa kuvumilia. Alijongea nyuma ya Violet polepole, akadumbukiza ndizi moja katika kofia ya sweta. Alitaka Violet apige mayowe na kukimbia, watu wamcheke. Basi, hayo tu.

Ngedere hakuchelewa. Alishuka mtini na kutua begani kwa Violet. Joakim akalia kwa hofu, lakini Violet hakukimbia. Kwao yeye ndiye hulinda dagaa wa mama yake wakianikwa ufukweni, na anawajua vizuri ngedere wanaokuja kuwaiba. Alimsukuma Joakim nyuma yake, akainamisha macho, akafungua viganja vitupu. Ngedere akaikwanyua kofia, akatwaa ndizi na kupanda nayo juu. Sweta ikabaki imechanika hadi mgongoni.

"Nilisema nini?" mhifadhi alifoka. "Binti, twende getini."

"Violet! Umeniaibisha," alisema Baba.

"Mjomba, mimi sikubeba kitu."

"Basi ndizi imeota kwenye kofia?"

Edina alikuwa amepata alichokitaka. Violet anagombezwa mbele za watu, naye hahitaji kufanya lolote ila kunyamaza. Mbona basi hakuona raha?

Violet aliivua ile sweta huku akitetemeka, akampa. "Nisamehe, Edina. Umeniazima sweta yako nami nimeshindwa kuitunza. Mama akiuza dagaa nitamwomba akununulie nyingine."

 Edina aliingiza mkono mfukoni, akatoa ndizi ya pili.

"Baba, ni mimi. Niliiweka mimi. Hii hapa nyingine."

 Aliyerudishwa getini akawa Edina, na Mama akamsindikiza. Walikaa kwenye benchi, mtoto akilia.

"Ulimwonea wivu kwa ajili ya sweta?" Mama aliuliza.

"Kwa yote, Mama. Sweta, kiti cha mbele, hata Joakim."

"Nilikosea kwa kutokukuomba. Lakini sikia, mwanangu. Sweta ni moja, akiivaa Violet wewe huna. Mapenzi yangu siyo sweta. Nikimpenda yeye, yako yapo palepale. Ukiumia moyoni, niambie. Wewe ulificha, ukatenda, na yule ngedere angeweza kumng'ata hata Joakim. Umesema kweli, na hilo nimelipenda. Lakini sweta utaishona mwenyewe."

Jioni Edina aliishona. Uzi wa njano haukupatikana, akatumia mweusi, na mshono ukaenda upogo. Violet aliivaa, kofia ikakaa upande, wakacheka wote wawili.

"Kesho asubuhi vaa wewe," alisema Violet.

"Vaa tu," Edina akajibu. "Mimi nimezaliwa na baridi hii."