Chiriku na Dawa ya Kuvuta

Kila asubuhi kengele ya shule ilisikika hadi kwa fundi cherehani. Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kuongea, aliacha kula akaenda dirishani. Aliwatazama wenzake wakipita na mabegi yao.

"Mama, sasa nani anakaa kwenye dawati langu?"

"Sijui, mwanangu."

Chiriku alikuwa na pumu. Muhula uliopita alibanwa kifua darasani, na walimu waliogopa kumpa dawa yake ya kuvuta. Mama alikwenda ofisini akafoka, "Mwanangu akipatwa na lolote, tutaonana mahakamani!" Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyetaka hata kuigusa dawa ile. Mama naye akamzuia mtoto nyumbani. Hasira hasara.

Siku moja jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua gauni lake.

"Leo chiriku kaishiwa maneno?" alitania.

Mama akamweleza yote.

"Dada, walimu wanaogopa kesi, na wewe umewazidishia hofu," alisema muuguzi. "Lakini sheria yetu inawalinda. Daktari aandike dawa na kipimo chake. Wewe utie saini ya ruhusa. Mwalimu afundishwe kuitoa. Akifuata hayo kwa nia njema, sheria itamkinga hata mambo yakienda mrama."

"Na akizembea? Akimpa dawa ya mtoto mwingine?"

"Hapo atajibu mwenyewe. Sheria haimfichi mzembe."

Mama alikwenda shuleni na karatasi ya daktari. Alianza kwa kuomba radhi. "Mwalimu, maneno yale yalitoka kwenye hofu."

"Hata mimi niliogopa," alijibu mwalimu mkuu. "Mtoto huyu nampenda, lakini nami nina wangu wa kulisha."

Mama akatia saini. Muuguzi akawaonyesha walimu jinsi ya kutumia dawa, ikawekwa mahali wanapopajua wote.

Chiriku akarudi darasani. Nyumba ikapooza. Mama alishona huku roho iko shuleni, akimtamani mtoto wake pamoja na maswali yake yote.

Alasiri moja Chiriku alirudi mbio.

"Mama, leo nilibanwa tena!"

Mkasi ukamponyoka mama. "Ikawaje?"

"Mwalimu akanipa dawa. Akakaa nami mpaka nikapumua vizuri."

"Halafu?"

Chiriku alimshangaa. "Halafu tukaendelea na hesabu."