Waya Uliofungwa Mfupi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alimfungulia mama yake mapazia ya chumba cha kazi. Mama alikuwa mchora ramani za majengo. Tangu apasuliwe mgongo hakuweza kukaa kitako muda mrefu. Ndiyo maana Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa fundi umeme, alimletea meza inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, ili achore akiwa amesimama.

Jumamosi Mjomba aliiunganisha meza, akamwachia Kidoti kazi ya kupanga nyaya za meza na za kompyuta ya mama, kutoka chini ya ubao wa meza hadi ukutani, na kuzifunga kwa vibanio vya plastiki. Alimsisitizia asizikaze, kisha aipandishe meza mpaka mwisho aone kama kuna waya unaovutika. Lakini wenzake Kidoti walikuwa nje wakimngoja wacheze. Alizivuta nyaya zikanyooka, akazibana ukutani. Kwa macho zilipendeza. Mjomba aliporudi kutoka kunawa mikono, akamuuliza:

"Umeipandisha mpaka juu?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba akamwamini, akaaga.

Jumatatu mama alibonyeza kitufe. Meza ilipopanda, waya ulikazika, ukaiburuta kompyuta hadi ukingoni, ikaanguka na kupasuka. Ramani za zahanati alizozichora kwa miezi kadhaa huku akivumilia maumivu zilikuwa humo tu. Hazikupatikana tena, na kazi ile akapewa mchoraji mwingine.

Mama alimpigia kaka yake simu. Alimwita fundi wa kulipua, anayefanya kazi ovyo ili aimalize haraka, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Mjomba hakujitetea wala hakumtaja mpwa wake. Kidoti alisikia yote akiwa mlangoni, akarudi chumbani kwake bila kukiri.

Jumapili, siku ambayo Mjomba alizoea kuwatembelea, ilifika, naye hakuja. Jioni Kidoti alimkuta mama jikoni akifuta machozi, akadhani analilia ramani. Mama akasema anamlilia kaka yake, kwani hana ndugu mwingine. Hapo Kidoti akashindwa kuvumilia, akasema ukweli wote.

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alichukua simu kumwomba kaka yake radhi.

Mjomba alikuja kesho yake. Alivikata vibanio vyote, akamwambia Kidoti aanze upya. Safari hii Kidoti aliziacha nyaya zikining'inia kidogo, akaipandisha meza mpaka juu, akaishusha, akakagua waya mmoja mmoja.

"Kwa nini hukunitaja, Mjomba?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nami nilikosa. Nilipaswa kukagua mwenyewe. Hayo mengine, uliyoyafanya wewe, nilitaka uyaseme mwenyewe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kazi ya kulipua iliniharibia ramani, mwanangu," alisema. "Ramani nitachora nyingine. Lakini uongo wako ulinifanya nimtukane ndugu yangu bila kosa. Amenisamehe, ila maneno yale ameshayasikia, na siwezi kuyarudisha mdomoni."

Mjomba alikusanya vifaa vyake. Mama alimwomba abaki wale pamoja. Akashukuru, akasema siku nyingine, akaondoka.