Nimonia ya Evarist

"Lete mkono!"

Mama mkwe alinidaka juu ya kiwiko, akaanza kuniminyaminya nyama ya ndani ya mkono. Alikuwa anatafuta kijiti cha uzazi wa mpango.

"Mama, sina kijiti. Sijawahi kuweka."

"Miaka mitatu unakula ubwabwa wa mwanangu hata mimba ya kusingiziwa hatujaiona! Lete na wa pili!"

Nikampa na wa pili. Ningefanyaje? Evarist, mwanaume niliyeacha kwetu Malinyi kwa ajili yake, alikuwa amesimama mlangoni anachezea simu.

"Evarist, mwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwani mimi daktari?"

Mama mkwe akaniachia mkono.

"Sikia, Yosefina. Jumapili tunakwenda Mang'ula kupeleka kishika uchumba. Kuna binti anaitwa Nelly, dada zake wote wanazaa. Jumapili nisikukute hapa."

Mtaniuliza, si wewe ni mke wa ndoa, unafukuzwaje? Sikuwa wa ndoa. Tusidanganyane, familia nyingi tu za Wakatoliki huku zinafanya hivyo. Ndoa ya kanisani haivunjiki, kwa hiyo wakwe wanataka kwanza waone mtoto, ndipo watu waende kwa padri kuandikisha. Mimi nilikuwa kwenye majaribio.

Na mwili wangu ulikuwa mzima jamani! Mwezi ukifika, hedhi imefika. Tulikuwa tumekubaliana tusubiri kidogo mpaka mashine yetu ya kukoboa mpunga pale Kibaoni isimame, kisha tuzae. Ikasimama. Halafu Evarist akapeleka mchele Dar, mwaka ule wa korona, akarudi anakohoa, anaungua joto, hasikii hata harufu ya samaki wa kukaanga.

"Yosefina, usimwambie mtu," aliniambia huku meno yanagongana. "Wakisikia korona, nani ataleta mpunga wake hapa? Sema nimonia. Niapie."

Nikaapa kwa Bikira Maria. Nikamchemshia mchaichai na majani ya mkaratusi, nikaingia naye ndani ya blanketi moja la kujifukizia kwa sababu alikuwa hawezi kukaa peke yake. Baba yake, Mzee Wendelin, akaja kumsalimia mgonjwa wa nimonia. Akamlisha uji kwa mkono wake.

Evarist akapona. Mzee Wendelin akaugua, tukamzika. Nimonia, watu wakasema.

Kisha zamu yangu. Unajua mume wangu alinipeleka wapi? Shambani! Kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege, ili wateja wasinisikie nikikohoa. Mama yake akaambiwa, "Yosefina kaenda kuamia ndege." Nililala kule juu navuta pumzi kwa shida, ndege wanakula mpunga na mimi siwezi hata kurusha bonge la udongo. Nilirudi nimekonda, na tangu hapo hedhi ikanikimbia. Mara haiji kabisa, mara inakuja inavyojisikia yenyewe.

Evarist alilijua hilo lote. Ndiyo maana alikuwa anachezea simu.

Kesho yake nikaenda kliniki peke yangu. Kulikuwa na daktari mwanamke, Daktari Ritha. Akanipima damu, akaniita tena mchana.

"Dada Yosefina, kizazi chako hakijafungwa. Ila homoni zimeyumba. Ni kama mayai hayakomai kwa wakati wake. Kabla ya haya kuanza, uliugua ugonjwa wowote mkubwa?"

"Hapana, daktari."

"Hata homa kali? Hata kifua?"

"Hapana."

Kiapo ni kiapo. Hapo hapo simu ikalia mkobani. Ujumbe wa Evarist:

"Mama anauliza umeanza kufungasha? Tafadhali Jumapili usilete fujo, tuna safari. Tutaongea mambo yakitulia."

Nikausoma mara ya pili. Nikalia, si kilio cha adabu, nililia mpaka muuguzi akafungua mlango kuchungulia.

"Daktari, nimekudanganya. Niliugua korona. Nilimuuguza mume wangu, nikaipata kwake."

Daktari Ritha akaweka kalamu chini.

"Mbona unaficha kitu kama hicho? Sikiliza. Siwezi kukuapia kwamba ni korona tu. Umekonda, una mawazo, hayo nayo yanavuruga homoni. Lakini wako wanawake walioumwa wakaona hedhi zimebadilika. Wengi zinarudi zenyewe, wengine zinachelewa. Wataalamu bado wanachunguza."

"Nitazaa?"

"Sitakuahidi nisichokijua. Tutaanza dawa, utakula vizuri, tutapima tena. Na huyo mumeo aje. Homa kali inaweza kumpunguzia mwanaume mbegu. Mbona unabeba peke yako?"

Nikachukua dawa, nikarudi nyumbani.

Jumapili asubuhi kitenge kipya cha kupeleka Mang'ula kilikuwa mezani. Begi langu lilikuwa nje ya mlango, wamenifungashia wenyewe. Nikalipita, nikaingia ndani.

"Wewe, hujaondoka?" mama mkwe akafoka.

"Naondoka, mama. Ila kwanza Evarist akwambie aliumwa nini alipotoka Dar."

Evarist akainuka. "Yosefina, nyamaza!"

"Nimenyamaza mpaka nimekauka! Ilikuwa korona, mama. Akaniapisha nisiseme ili wateja wasikimbie. Na mimi sikwenda kuamia ndege. Nilipelekwa kule kuficha kikohozi. Hedhi yangu imeharibika tangu siku zile, na leo daktari anamtaka na yeye akapimwe."

"Muongo huyo, mama! Nilikuwa na nimonia! Mzee mwenyewe si alikuwa na..."

Akakwama.

Mama mkwe alikuwa amekaa. Sikumwona akikaa.

"Baba yako alikulisha uji," alisema polepole. "Nilimwambia, mwache Yosefina amlishe. Akasema, ni mwanangu huyu, ana nimonia tu."

"Mama, nisamehe. Niliogopa. Mashine ilikuwa mpya..."

"Usiniguse, Evarist."

Akanigeukia. "Na wewe ulijua? Kwenye matanga ulikaa pembeni yangu, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umezaa mmoja tu. Nikasema, ukimchukia huyu utabaki na nani?"

Mama yule akalia. Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kumwona akilia mbele yangu, hata siku ya mazishi alijifunika khanga. Baadaye akatoka nje, akarudi na begi langu, akaliweka chumbani. Safari ya Mang'ula ikaishia hapo.

Evarist alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Yosefina, twende kwa padri. Leo. Mtoto awepo, asiwepo."

"Twende kliniki kwanza. Ukishapimwa, majibu yawe mazuri yawe mabaya, ndipo uniulize tena."

Akaenda. Mbegu zake zilikuwa chache. Siku hiyo alilia kwenye benchi la kliniki, nikamwacha alie, sikumbembeleza. Nilikuwa bado nina hasira, na hasira nyingine ninayo hadi leo. Lakini aliporudi nyumbani alimweleza mama yake yote kwa mdomo wake, bila kuchezea simu. Kisha akaniuliza tena. Nikasema ndiyo.

Jumapili moja baadaye, padri aliposoma matangazo yetu ya ndoa, minong'ono ilianza kabla hatujatoka kanisani. Nje wanawake wakamzunguka mama mkwe.

"Hongera, mama Evarist! Kumbe mambo tayari! Mkwe ana miezi mingapi?"

Nikainamisha kichwa. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza dawa na kulia bafuni, maana bado sikuwa na dalili yoyote.

"Hana mimba," mama mkwe akasema kwa sauti, hata waliokuwa getini wakageuka.

"Hee! Sasa mnafunga ndoa ya kanisani bila mtoto? Na asipopatikana je?"

"Atakuwa mke wa mwanangu hivyo hivyo. Yosefina, njoo tuondoke, jua kali."