Meli Iliyongoja Mashua Zake

Magharibi ile Mahfoudha alitoka kwenda kuomba makaa ya moto kwa jirani yake, Nasriya. Makaa tu. Mwanawe Aflah karudi kutoka kazini na homa, naye ataka kumfukizia ubani.

"Homa hiyo, au kishapata mchumba huko baharini?" Nasriya alimtania huku akipanga makaa kwenye chetezo. Nasriya huyo ukimpa siri saa nne, saa sita Matrah nzima inayo. Ndivyo na sisi tulivyoyapata haya.

"Usinicheke, shoga. Nnaye huyo huyo mmoja."

Kweli. Walipokimbilia huku Omani kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, Mahfoudha alitoka na Aflah na bweta la nguo, basi. Mume alibaki huko, chini ya udongo. Sasa ni miaka mitatu, na Aflah ni kuli wa kupakua meli. Meli hutia nanga mbali, shehena ikaletwa pwani kwa tishali, mashua bapa ya mizigo. Wiki ile ilikuja meli moja kuukuu, imejaa mchele. Watu walisema zamani ilikuwa ya vita, ikibeba vifaru na askari, na mashua za kuwashusha ufukweni kwa maadui. Adhuhuri ya siku hiyo Aflah alijinyoosha kidogo chini kabisa, tumboni mwa meli hiyo, akapitiwa na usingizi.

Walipofika na chetezo, harufu iliwapokea mlangoni. Mafuta mazito... na maji ya chumvi yaliyooza.

Aflah alikuwa kakaa kitandani, wima, macho wazi.

"Mashua ishirini na nne," alisema.

Sauti haikuwa yake. Ilikwaruza kama mnyororo unaoburutwa juu ya bati.

"Kapandwa," Nasriya alinong'ona.

Unguja jambo hili lina taratibu zake. Shetani akipanda kichwani huulizwa jina kwanza. Kisha kwao. Mwisho ndipo huulizwa atakacho, mkavutana naye mpaka mpatane. Ahadi haitangulii. Mahfoudha aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini mama akimwona mwanawe hapepesi macho...

"Sema utakacho," aliropoka. "Utapewa."

"Yallah! Hujamuuliza hata jina!"



"Majina nnayo matatu," ilisema sauti. "Kila waliponiuza walinipaka rangi, wakanipa jingine. Niliundwa mwaka wa arobaini na nne. Nikapeleka watu visiwani. Nilishusha mashua ishirini na nne, wakanambia ngoja hapa. Zikarudi kumi na tisa. Vita vikaisha, nikatiwa saruji. Nikatiwa mchele. Mimi bado nangoja."

"Tutakuchinjia mbuzi mwekundu," Mahfoudha alisema. "Halua... marashi ya mawaridi..."

"Sili."

"Wataka nini basi?"

"Mtu. Ushasema ntapewa."

Makaa yakazima.

Yote, kwa pamoja.

Aflah akaanguka chali, akalala fofofo.

Asubuhi aliamka mzima. Akala tende, akanywa kahawa, akajifunga kilemba.

"Usende leo, mwanangu."

"Kazi haijesha, mama." Sauti yake mwenyewe, tena ya upole.

Mahfoudha alimng'ang'ania mkono mpaka pwani, analia mbele za watu, mwanamke na heshima zake. Nasriya nyuma, kiatu mguu mmoja. Makuli wakaangua kicheko. Mkubwa wa tishali, Bakhit, akamwambia, "Mama, utamnyonyesha mpaka lini?" Utamzuiaje mwanamume kwenda kazini? Aflah alijichopoa taratibu, akashuka tishalini. Jua linawaka, kila mtu anaona.

Alasiri meli iling'oa nanga. Tishali ikarudi.

Aflah hamna.

"Wallahi, mwanao leo hakuja kazini," Bakhit aliapa. "Tumetoka kumi na wawili, tumerudi kumi na wawili."

Makuli wote wakaapa hivyo hivyo. Wala hawakukumbuka kumwona mama yeyote akilia.

Mwaka wa sabini, Ishaq, binamu yake Nasriya, alikuja na habari kutoka Karachi. Meli ile imepandishwa ufukweni huko, imekatwa vipande, chuma chake kimeyeyushwa. Ndani hamkuonekana mtu wala mfupa. Nasriya alikwenda mbio kumbashiria mwenzake.

"Imekufa, shoga! Imekwisha!"

Mahfoudha alikuwa akipembua choroko. Ungo ukasimama mkononi.

"Imekwisha," alisema. "Na Aflah wamemshusha wapi?"